Mwaka Nilipokuwa Sauti ya Msitu

Tulimzika Mwalimu Noah siku ya Jumanne, kule Nkuhungu, na katika wasifu wa marehemu aliousoma mpwa wake hapakuwa na neno hata moja juu ya Msitu wa Kumbilo. Tulisikia alizaliwa wapi, alifundisha shule zipi, na kwamba aliimba besi katika kwaya mpaka meno yalipomtoka. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai na akina mama wa mtaa, sahani ya wali na kabichi mapajani, nikajikuta nasubiri jina lile litajwe kama mwanafunzi anavyosubiri jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Halikutajwa. Wakati wa kunawa mikono alinijia Sudi, aliyekuwa fundi mitambo wetu, sasa kichwa chote cheupe na miguu imemvimba, tukashikana mikono muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kwa heshima ya msiba, kama niliwahi kumwona tena yule mzee wa Bahi. Nikamjibu kwamba sikumwona tena. Akatikisa kichwa, akarudi kukaa na wanaume. Tulikuwa watatu mle redioni. Mmoja sasa yuko kaburini, na mwingine hana nguvu ya kuuliza zaidi ya swali moja. Nimebaki mimi, na nimeona ni heri niuandike mwaka ule mwenyewe, kwa sababu hata wasifu wangu utakaposomwa hakuna atakayeutaja.

Habari za kwetu Kondoa na jinsi nilivyofika mjini sitazieleza hapa. Itoshe kusema nilikuwa na miaka ishirini, nimepanga chumba Chang'ombe, na nimepata kazi katika kituo kidogo cha redio kilichokwisha kufa siku nyingi. Kituo chenyewe kilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Cha kwanza kilikuwa na benchi, meza na birika la chai. Cha pili ndicho studio: kuta tumezibandika trei za mayai, mlangoni tumetundika mablanketi mawili, na feni hairuhusiwi kuzunguka tukiwa hewani kwa kuwa ilikuwa inalia. Mtu alitoka mle amelowa kama aliyetoka kupalilia. Kazi yangu ilikuwa kusoma matangazo ya vifo, mikutano ya hadhara na ng'ombe waliopotea. Mwalimu Noah alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mrefu, mwenye koti moja la kahawia la majira yote, aliyekuja na madaftari sita ya tamthilia akiyabeba ndani ya mfuko wa sukari. Siku aliyokuja alinikuta nasoma tangazo la ng'ombe wa mtu. Nilipomaliza nilimsikia nyuma ya blanketi akimwambia Sudi kwamba binti huyu anasoma kana kwamba anajua ng'ombe yuko wapi, ila ameamua kutosema. Nilidhani ananisema vibaya. Kumbe alikuwa amempata mtu aliyekuwa akimtafuta.

Madaftari yale yalikuwa na nchi nzima ndani yake. Nchi aliyoibuni Mwalimu ilikuwa na mto unaopanda mlima asubuhi na kuteremka jioni, chumvi iliyozungumza ikitiwa chunguni, na wafalme walioachiana urithi wa vivuli vyao. Katikati ya nchi ile palikuwa na Msitu wa Kumbilo, na ndani ya msitu, watu walisema, waliishi Wenyeji. Hakuna aliyewahi kuwaona. Nusu ya watu wa nchi ile waliwaachia chakula kwenye visiki, nusu iliyobaki iliwacheka, na ndoa kadhaa zilivunjika kwa ubishi huo. Kila wiki mtu mmoja alipotea msituni, na alipofika mahali pa kukata tamaa kabisa ilisikika sauti ikimwambia: "Karibu ndani, mgeni. Njia ni hii." Baada ya hapo ulipigwa wimbo, kipindi kikaisha. Sauti ile huenda ilikuwa ya Wenyeji, huenda ilikuwa upepo, au njaa inayosema masikioni mwa mtu aliyepotea. Redioni ilikuwa yangu. Niliinama juu ya mtungi mtupu nikasemea ndani yake ili sauti ipate kina, huku Sudi akivuruga majani makavu ya mahindi ndani ya beseni. Siku moja, tunakula mihogo ya kukaanga na chai ya rangi, nilimuuliza Mwalimu kama Wenyeji wapo au hawapo. Alichukua muda akichambua chumvi iliyoganda kwenye kipande chake.

"Hamida," alisema, "siku nitakayojua mimi, tamthilia imekwisha."

Nilidhani ni majibu ya kialimu. Leo naona alikuwa ananieleza kanuni aliyoishikilia kuliko nyingi alizofundisha darasani: hakutaka kumdanganya msikilizaji kwamba wapo, na hakutaka kumnyima kwamba huenda wapo. Ilikuwa heshima ya aina fulani. Sijui kama heshima hiyo inamfaa kila anayesikiliza, kwa maana redio haichagui masikio. Barua zilianza kutufikia, nyingine zimeandikwa kwa mkono wa mtoto wa shule kwa niaba ya bibi yake. Mmoja aliuliza Wenyeji wanasali wapi. Mwanamke mmoja aliuliza kama wanampokea mtu aliyemkimbia mumewe. Tulizisoma kwa sauti wakati wa chai, tukacheka mpaka Sudi akapaliwa. Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi, zabibu zilioza shambani, mbuga ya Bahi ilijaa maji hata watu waliokuwa wakilima mpunga wakageuka wavuvi, na sisi tulikaa kwenye chumba chetu cha trei za mayai tukiwaza wiki ijayo nani apotee.

Mzee Yohana alikuja mwezi wa nne, asubuhi. Nilimkuta kwenye benchi, suruali imekunjwa mpaka magotini, matope yamekauka miguuni, na mapajani amepakata redio ndogo ya betri iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kwa Kiswahili cha taratibu, cha mtu anayetafsiri kwanza moyoni kutoka Kigogo, kama yule anayekaribisha wageni yupo. Nikamwambia ni mimi. Akanitazama, akasema alidhani nitakuwa mtu mzima zaidi. Nilicheka. Yeye hakucheka, na mpaka leo kicheko kile nakisikia.

Alieleza habari yake akiwa ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Mkewe aliitwa Damari. Miaka miwili hivi iliyopita alianza kusahau, kwanza majina, kisha njia ya kisimani, mwishowe na mumewe; alimwita Mzee Yohana "mgeni" na kumtengea kiti kila alipoingia ndani mwao. Kitu pekee kilichomtuliza kilikuwa kipindi chetu. Siku ya kipindi, saa kumi jioni, alikaa kwenye mkeka mbele ya redio, na sauti ya msituni iliposema aliitikia "naam" kama mtoto mwenye adabu. Kwa hiyo mzee alipata mazoea ya kumwachia redio na kwenda kutazama nyavu zake, akijua atamkuta palepale. Wiki mbili nyuma alirudi akakuta redio inaongea peke yake. Majirani walikuwa wamemwona Damari akipita, amevaa kitenge chake cha kanisani, kichwani amebeba kibuyu cha karanga. Walimuuliza anakwenda wapi, akawajibu kwamba amekaribishwa, na si vizuri kufika kwa watu mikono mitupu. Kwa jinsi alivyosema kwa furaha walidhani kuna sherehe mahali, wakamwacha apite. Alishika njia ya vichakani, upande wa mbugani. Walimtafuta kwa siku nyingi, wakatoa taarifa polisi, wakatoa taarifa kanisani. Hakuonekana.

Alipomaliza hakutulaumu. Mpaka leo naona lingekuwa jambo jepesi kama angetulaumu. Aliuliza tu Kumbilo iko upande gani, ili ashike njia mapema. Mwalimu Noah alitoka nyuma ya blanketi, akakaa naye benchi moja, wakasalimiana kwa Kigogo kirefu, kisha akamweleza kwa upole kwamba msitu ule haupo. Kwamba ameutunga yeye, kwenye daftari, usiku na mchana, na kwamba sauti ni ya binti huyu, na majani ni ya mahindi. Akamwingiza studio akamwonyesha mtungi na beseni. Mzee alivitazama kama mtu anavyotazama nguo za marehemu. Aligusa mtungi. Akasema: "Sawa, Mwalimu. Haupo. Lakini yeye amekwenda huko."

Tulisikia mteja wa dukani anabishania bei ya misumari.

Ombi lake lilikuwa dogo. Katika kipindi, kila aliyekaribishwa aliingia; hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi. Alitaka Wenyeji wamruhusu mgeni mmoja arudi kwao, mwanamke mtu mzima, halafu wamtaje jina. Tulimpa mkate na chai nyingine, nikatakiwa nimsindikize stendi, lakini nilisimama mlangoni nikasikiliza wenzangu wanavyobishana mle ndani. Mwalimu alisema kwamba akiandika vile atakuwa ametamka kuwa Wenyeji wapo, wana amri juu ya watu, na wanasikiliza maombi; kesho wataanza kutembea wagonjwa wengine, na walio na watoto waliopotea watajaa kwenye benchi lile. Sudi akamwambia ameshatamka, ila hajasikia anavyotamka. Mwalimu akasema hata angeandika, yule mama ameshakaa maporini siku kumi na zaidi, mvua inanyesha, hana redio. Sudi akasema anajua. Sauti ya Mwalimu ilipotoka tena ilikuwa ya mtu mwingine, ndogo, akiuliza kama Sudi anadhani yule mama alikuwa anaogopa. Sijawahi kumsikia mtu mzima akimwuliza fundi mitambo swali kama lile.

Mwishoni aliandika mistari miwili. Alinipa kikaratasi dakika chache kabla ya kuingia hewani, bila kunitazama. Wiki ile aliyepotea Kumbilo alikuwa mwanamke mzee mwenye kibuyu, na badala ya maneno ya siku zote nilisemea ndani ya mtungi: "Damari, kwenu wanakungoja. Rudi, njia ni ileile." Sudi aliacha kuvuruga majani. Baada ya hapo nilisoma tangazo la kawaida la mtu aliyepotea: mavazi, umri, alama. Tulikaa karibu na simu ya duka siku tatu. Alipiga mtu mmoja kutoka Chamwino kulalamika kwamba tumeharibu hadithi, kwa maana sasa inajulikana kuwa wapo.

Siku ya nne mzee alirudi. Alikuwa amesikia, akashukuru, akasema labda hapa ni mbali mno. Aliomba niende naye nikaitie kule kule. Mwalimu alikataa kunituma na hakunizuia. Alijifanya anatafuta kalamu. Nilipanda basi na Mzee Yohana mpaka Bahi, kisha kijana mmoja wa pale akanipakia nyuma ya baiskeli, mzee akitembea mbele na kutupita kila palipokuwa na tope. Nyumba yao ilikuwa tembe la udongo, paa tambarare limeota majani kwa mvua. Ndani mlikuwa na giza la baridi na harufu ya moshi wa zamani. Kitanda cha Damari kilikuwa kimetandikwa. Ukutani ilining'inia picha ya harusi ya kanisani, wote wawili wamekaza nyuso kama waliokamatwa. Mzee aliniketisha kwenye kiti ambacho, alisema, Damari alimtengea yeye, akasonga ugali wa uwele mwenyewe, akaweka mlenda na kipande cha kambale, na alinisimamia mpaka nikamaliza. Aliomba radhi kwa chumvi. Alisema hajazoea, miaka arobaini na miwili mkono wa chumvi haukuwa wake. Nilikula kila kitu. Sijui mlo mwingine maishani mwangu uliokuwa mgumu kumeza kama ule, na ulikuwa mtamu.

Tulikwenda vichakani jua likiwa bado juu. Upande mmoja palikuwa na majaruba ya mpunga na wanawake waliokuwa wakipalilia, upande wa pili vichaka vya miiba vilivyoshikana, na mbele yake maji ya mbuga yamelala meupe mpaka macho yanapokoma. Mzee alinionyesha mahali ambapo nyayo zilipotelea. Alinieleza kwamba mwenyewe ameshaita mpaka amechoka, lakini Damari hakuwa akimjua tena, na mtu haitiki akiitwa na mgeni. "Wewe anakuitikia," alisema. "Nimesikia kwa masikio yangu."

Sikuwa na mtungi wala mablanketi. Nilifungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya msichana wa Kondoa anayeita mbuzi. Nilisikia aibu mpaka kwenye nyayo. Nikajaribu tena, taratibu, kama nilivyofundishwa, nikishusha kifua: Damari, karibu nyumbani, mgeni, njia ni hii. Nikanyamaza tusikilize. Ndege waliruka, wakatua. Mzee alikuwa ameinua uso kidogo, kichwa kimeinama upande wa sikio lake linalosikia vizuri, na katika uso ule niliona tumaini la kweli, tumaini ambalo mimi ndiye niliyelileta na sikuwa na kitu cha kulilisha. Akasema nirudie. Nikarudia. Tukasogea hatua mia, nikaita tena. Tukazunguka kichaka, nikaita tena. Wanawake wa majarubani walikuwa wamenyooka migongo, mmoja alishika mdomo wake. Niliita mpaka sauti ikapasuka, ikabaki pumzi tu, na bado mzee alikuwa anasema, bila haraka, bila hasira, "Tena kidogo, mwanangu." Nilipomwonyesha kwa mkono kwamba sina tena, alinishukuru. Kisha akageuka akawa anatazama maji, na mimi nikatazama alipotazama, na wote wawili tukajua.

Damari hakupatikana. Kiangazi kilipofika na mbuga ikarudi nyuma, nilisikia kwamba wavuvi waliokota kitenge, ila Mzee Yohana alikitazama akasema si cha mkewe. Alituma watu mara mbili wanisalimie na kuuliza kama naweza kuja tena. Sikwenda. Mara ya kwanza nilisema nina mafua. Mara ya pili sikusema kitu. Mwalimu Noah aliandika vipindi vitatu zaidi, vyote vibovu, wahusika wanaulizana habari za mashamba. Kisha akayachukua madaftari yake na mfuko wake wa sukari akaenda Nkuhungu, na sijasikia kwamba aliandika tena hata barua. Mimi niliacha redio kabla mwaka haujaisha. Nimefanya kazi ofisi mbili za serikali, nimezeekea kwenye mafaili, na watu wangu husema nina sauti ndogo.

Wiki mbili baada ya mazishi nilipanda basi nikaenda Bahi. Swali la Sudi lilikuwa limenikwama kama mfupa. Siku hizi kuna bodaboda mpaka majarubani, na kijana aliyenibeba alinifikisha kwa mama mmoja muuza mchele aliyekuwa mkwe wa jirani wa Mzee Yohana. Ni yeye aliyenieleza kwamba mzee alikufa zamani, kwamba siku zake za mwisho kila alfajiri alikuwa akienda kukaa ukingoni mwa vile vichaka, na kwamba tembe lilianguka. Nilimuomba anionyeshe vichaka vyenyewe. Akasita. Alisema huko hawakati kuni. Kuna wanaoita. Nilimuuliza wanaita nini, akanieleza kama mtu anavyomweleza mgeni wa mjini: sauti ya mwanamke, nzito, inamwita mtu aitwaye Damari, inamkaribisha nyumbani. Mama mkwe wake aliisikia mchana kweupe akipalilia mpunga, yeye na wenzake sita, na si watu wa kusema uongo. Tangu hapo imejulikana kwamba wapo.

Nikamwambia ni mimi niliyeita. Nilimweleza yote, redio, mtungi, Mwalimu, jinsi mzee alivyonileta, nilisimama wapi, niliita mara ngapi. Alinisikiliza vizuri sana, mikono imetulia juu ya gunia, na wanawake wengine wawili waliokuwa wanapepeta wakaacha ungo ili nao wasikie. Nilipomaliza alinitazama kwa huruma.

"Usijibebeshe, dada," akasema. "Ndivyo walivyo hao. Wanaazima sauti ya mtu, na mwenyewe anabaki akidhani ni yeye aliyesema."

Nilitaka kumthibitishia. Ilikuwa rahisi: nishushe kifua, niseme yale maneno palepale, wasikie wenyewe. Nilishavuta pumzi. Ndipo nikaona wale wawili wa ungo wamesogea karibu, nyuso zimeinuka kidogo, wananisubiri, na nikaelewa kwamba nikisema watasikia, na wakisikia watakuwa na ushahidi kwamba wapo, na hautakuwa wangu. Nikafunga kinywa. Nikamuomba anipimie kilo mbili za mchele.